Rosti ya ng'ombe ya watu 60 kwenye mbabula mbili

Swali: "Mama, niko Kadutu, hapa Bukavu. Mtoto wetu wa pili anapata komunio ya kwanza na tunategemea wageni 60. Nataka kuwapikia rosti ya ng'ombe na mchuzi wa majani, kama ile ya hoteli. Mara ya mwisho, kwenye ubatizo, nilinunua fileti kwa bei kali, nikaichoma kwenye furu (oveni) ya gesi ya jirani. Ilitoka ngumu kama soli ya kiatu, na mchuzi ukawa maji yenye madonge ya unga. Furu yenyewe ni ndogo na safari hii sitaipata. Nina mbabula mbili (majiko ya makaa) na sufuria kubwa mbili. Ninunue nyama gani, kilo ngapi, nianze lini? Mama mkwe anasema niweke papai bichi, nyama italainika."

Dada yangu, kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Ukimwambia mtu wa Mombasa au Dar es Salaam akupikie rosti, atakuletea vipande vya nyama vilivyopikwa na kitunguu na nyanya mpaka mchuzi ukashikana. Sisi huku, kwa sababu ya Kifaransa, tukisema roti tunamaanisha pande zima lililookwa kwenye furu, likakatwa vipande mbele ya wageni. Wewe unataka hiyo ya pili. Lakini nyama ya soko letu, vyombo vyako na idadi ya wageni wako vyote vinaomba ile ya kwanza. Nitakupeleka katikati: pande zima, lipakwe rangi kwenye mafuta ya moto, lipikwe polepole ndani ya sufuria iliyofunikwa, lipoe, likatwe, kisha lirudi ndani ya mchuzi. Na kazi hiyo yote ifanyike siku moja kabla ya fete. Mezani hakuna atakayeuliza kama nyama ilipita kwenye furu.

Fileti haikukukosea. Ulimpa mtoto mzigo wa mtu mzima. Fileti ni msuli ambao ng'ombe hautumii sana, kwa hiyo ni laini tangu ikiwa mbichi, haina nyuzi nyeupe za kuyeyuka. Ikipita nyuzi joto 65 au 70 kwa ndani, misuli yake inajikunja na kukamua maji, na hakuna kitu ndani yake cha kujaza pengo hilo. Lazima itoke motoni kwa wakati wake na iliwe hapo hapo. Sasa niambie, nani Kadutu anaweza kuketisha wageni 60 kwa dakika ileile? Misa inachelewa, picha zinapigwa, mjomba yuko njiani tangu asubuhi, na fileti yako inaendelea kukauka.

Nenda kwa nyama iliyofanya kazi. Ng'ombe wanaofika Bukavu wengi wamepanda na kushuka milima ya Walungu na Kabare maisha yao yote, na wengi hawauzwi wakiwa vijana. Bega, shingo, kidari na muundi wa ng'ombe wa namna hiyo vimejaa utando mweupe. Watu wanaukimbia wakidhani ndio ugumu wenyewe. Utando huo ni kolajeni. Ukiupa moto mdogo na saa nyingi, unageuka jelatini, kitu kilekile kinachofanya supu ya makongoro ikunate midomoni. Ndiyo inayofanya nyama iliyoiva sana ionekane bado ina maji.

Mimi nachukua bega kwanza, shingo ya pili. Paja ni mtego. Bucha atakusifia kwa sababu halina mfupa na linapendeza macho, lakini lina utando mchache na mafuta machache. Likipikwa saa 4 linatoka kama mbao laini. Kama umelipata paja tu, chukua sehemu ya chini iliyo karibu na goti.

Pale Nyawera au kwenye soko lenu la Kadutu, fika mapema na sema neno lako kabla bucha hajainua panga. Ukisema tu "nipe kilo 10," ataanza kukatakata, mfupa na nyama pamoja, na ukishaona kipande cha kwanza kinaruka umechelewa. Mwambie: "Nataka bega zima, mfupa utoe, usikate." Kisha bonyeza kwa kidole gumba. Nyama nzuri inazama kidogo na kurudi, na kidole kinatoka na unyevu mdogo tu. Kikibaki kishimo, au kidole kikitoka na ute, songa meza ya pili. Mafuta ya manjano yasikutishe, hayo ni majani ya malishoni na umri. Maana yake ni moja tu: ongeza saa 1 ya moto.

Kilo ngapi? Hesabu ianzie kwenye sahani. Kama mezani kutakuwa pia na kuku au samaki, na wali, makemba (ndizi za kupika), sombe (majani ya muhogo) na bugali, gramu 100 za nyama iliyoiva kwa mtu zinatosha. Hiyo ni kilo 6 kwa watu 60. Nyama ya kupikwa saa nyingi hupoteza kama asilimia 35 hadi 40 ya uzito wake, kwa hiyo ili upate kilo 6 unahitaji kilo 10 za nyama mbichi isiyo na mfupa. Kama rosti ndiyo nyama peke yake, hesabu gramu 150 kwa mtu, na hapo ni kilo 15. Juu ya hiyo omba mifupa kilo 4, ile ya magoti na ya uti wa mgongo, ipasuliwe. Bila mifupa mchuzi wako utarudi kuwa yale maji ya ubatizo.

Nyumbani, gawa nyama katika mapande ya kilo 1 na nusu hivi. Pande la kilo 4 linapendeza kwenye picha, lakini ndani linachelewa kuiva na, baya zaidi, linachelewa kupoa. Yafunge kwa uzi wa pamba yasifumuke. Paka chumvi gramu 11 kwa kila kilo, yaani gramu 110 kwa kilo 10, na pilipili manga. Chumvi hii ingeingia vizuri zaidi ikilala usiku kucha, lakini kama friji yako inategemea umeme wa mtaani, usicheze. Saa 1 na nusu wakati unawasha makala inatosha.

Sasa kupaka rangi, hatua ambayo wengi wanaiharakisha. Sufuria nzito, makala yamekolea, mafuta kidogo. Weka mapande mawili, matatu ukizidisha. Ukijaza sufuria, nyama inatoa maji, joto linashuka, na inageuka kijivu kama imechemshwa. Acha kila upande mpaka ujiachie wenyewe. Ukivuta na bado inashika, haijamaliza. Kila zamu inakula dakika 12 hadi 15. Kwa mapande saba ni karibu saa nzima kwenye mbabula moja, na ndiyo saa ambayo utashawishika kusema "imetosha." Haijatosha mpaka iwe na rangi ya kahawa iliyokaangwa.

Utasikia watu wakisema kukaanga kwanza "kunafunga maji ndani." Hilo lilienezwa na mkemia Mjerumani, Justus von Liebig, katika karne ya 19, na si kweli. Sikiliza pande lililokaangwa vizuri: linaendelea kuchirizika, na kila mlio ni maji yanayotoka. Tunakaanga kwa ajili ya ladha. Protini na sukari za nyama zikikutana kwenye joto kali, kuanzia nyuzi 140 hivi, zinazaa rangi ile na harufu ile inayowaleta watoto jikoni. Mfaransa Louis-Camille Maillard aliieleza mwaka 1912, na jina lake limebaki hapo. Maji hayawezi kufika joto hilo kamwe, ndiyo maana nyama ya kuchemsha tu haitanuka hivyo hata ukiichemsha mpaka kesho.

Chini ya sufuria kutabaki ukoko. Wewe unayependa ukoko wa wali utanielewa: ladha yote ya mchuzi wako imelala pale. Toa nyama, mwaga mafuta yaliyozidi kwenye bakuli (usiyatupe, yana kazi), kaanga vitunguu vikubwa 8 na karoti 6 zilizokatwa ovyo mpaka viwe kahawia, weka kijiko kimoja cha nyanya ya kopo ukigeuze dakika 2. Kisha mimina maji kikombe kimoja na ukwangue kwa mwiko wa mbao. Utaona maji yanageuka kahawia papo hapo. Lakini onja ncha ya mwiko. Ukoko wa kahawia ni mali. Ukoko mweusi ni uchungu, na hakuna sukari wala kibu ya Maggi itakayoufuta. Ukiwa mweusi, osha sufuria uanze bila huo.

Rudisha nyama, mimina maji ya moto yafike theluthi moja ya kimo chake, siyo zaidi. Nyama inayozama inakuwa ya kuchemsha. Tandika jani la mgomba lililopitishwa motoni juu ya nyama, kisha mfuniko, kisha jiwe safi juu ya mfuniko. Ikianza kuchemka, punguza makala na uyafunike na majivu. Chache yapeleke juu ya mfuniko, kama watu wa pwani wanavyopalia wali. Hapo umejitengenezea furu yako mwenyewe. Unachotaka kusikia ni povu moja hapa, moja pale. Sufuria ikianza kuimba kwa sauti, nyama inapigwa na kufumuka nyuzi huku ndani ikikauka. Geuza mapande kila saa.

Muda? Vitabu vya kupika vya Ulaya vitakuambia saa 3. Usivifuate. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na huku maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Nyuzi 5 hizo zinaonekana ndogo, lakini kolajeni inazihisi. Hesabu saa 4, na kwa ng'ombe mzee 5. Ukipika kitu hichohicho Kamanyola, kule chini kwenye joto la Ruzizi, utamaliza mapema kuliko hapa. Dalili ya kuiva siyo saa. Choma uma katikati ya pande na uuzungushe kidogo: ukizunguka bila kubishana, imeiva. Ukiona bado ngumu baada ya saa 3, usiongeze moto. Nyama hupita mahali ambapo ni ngumu kuliko ilivyokuwa mbichi, na wengi wanakata tamaa hapo hapo, dakika 40 kabla ya kulainika.

Mbabula ya pili iko na mifupa tangu asubuhi. Ikaange kwanza, hata kwenye wavu juu ya makala, iwe kahawia, halafu maji lita 9, shina za seleri, kitunguu kimoja na ganda lake kwa ajili ya rangi, na saa 4 au 5 za moto mdogo. Engua povu nusu saa ya kwanza. Usitie chumvi, nyama itakuja na yake.

Tunafika sasa kwenye sehemu ambayo nakuomba usiiruke hata kama umechoka: kupoza. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilipikia harusi moja, kilo 18, nikazimaliza vizuri jioni. Nikaacha sufuria kubwa limefunikwa sakafuni, nikajisemea baridi ya usiku wa Bukavu ni friji tosha. Alfajiri nikaweka kiganja ubavuni mwa sufuria, nikakuta bado vuguvugu. Nikafunua. Juu ya mchuzi kulikuwa na vipovu vidogo vinapanda, kimoja kimoja, na moto hakuna. Harufu ilikuwa ya pombe ya jana. Tulimwaga yote shimoni, na nyama nyingine nikanunua kwa pesa yangu.

Nilichokutana nacho ni aina ya mdudu anayependa masufuria ya watu wengi. Mmoja wao anaitwa Clostridium perfringens. Mbegu zake hazifi kwa kuchemka, zinalala tu. Sufuria likipoa polepole zinaamka, na kwenye nyuzi 45 hivi, ule uvuguvugu wa kiganja changu, zinaweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika 10 au zaidi kidogo. Saa 6 hadi 24 baada ya kula, wageni wanashika tumbo na kuharisha. Na hawatasema ni mdudu. Watasema wamerogwa kwenye komunio ya mtoto wako.

Kwa hiyo: toa nyama kwenye mchuzi, itandaze kwenye masinia mapana, pande lisiguse jingine. Mchuzi umimine kwenye masufuria madogo mafupi, uyaketishe ndani ya beseni la maji baridi, ukoroge na ubadilishe maji kila yakipata joto. Ndani ya saa 2 ukigusa usisikie joto lolote. Kisha friji, yako au ya jirani, au kontena lenye barafu ya wauza samaki, ndani ya saa 4 nyingine. Hata usiku wa baridi wa mwezi wa saba hauiletei nyama baridi ya friji.

Na kama friji haipo kabisa, au umeme una tabia ile tunayoijua? Basi usiipike jana yake. Washa moto usiku wa manane, saa 9 kabla ya wageni kukaa: saa 1 na nusu ya kukaanga, 4 na nusu ya kupika, 1 ya kuiacha itulie ndani ya sufuria iliyofunikwa, 2 za kukata na mchuzi. Utakuwa na macho mekundu kwenye picha, lakini nyama haitapita kwenye uvuguvugu huo. Mimi nachagua macho mekundu kuliko friji ya kubahatisha. Mchuzi ubaki kwenye moto mdogo, uwe unatoa mvuke muda wote.

Ukiweza kuilaza kwenye friji, utapata faida mbili. Mafuta yanaganda juu ya mchuzi, unayainua kama mfuniko. Na nyama baridi inakatika. Nyama ya moto ikikatwa inafumuka, ndiyo maana kwenye fete nyingi unapewa nyuzi na maelezo. Ile baridi, kwa kisu kilichonolewa, inatoa vipande vya unene wa penseli, vizima. Kata kwa kukatisha nyuzi, zisiwe ndefu ndani ya kipande. Kila pande la kilo 1 na nusu, likishaiva, linatoa vipande 18 hivi vya gramu 50, kwa hiyo mgeni mmoja ni vipande viwili. Panga kwenye masinia vikilaliana kama vigae vya paa.

Mchuzi. Watu wetu wanakula na bugali na makemba, hawatakuelewa ukiwawekea kijiko kimoja cha hoteli. Hesabu upawa mmoja mdogo, mililita 120 kwa mtu, yaani lita 7. Changanya supu ya mifupa iliyochujwa na maji ya nyama, uvirudishe motoni vipungue mpaka lita 7 zibaki. Onja. Kama bado ni maji, endelea kupunguza. Unga hauongezi ladha, unashikisha tu ile iliyopo.

Madonge yako yalitoka wapi? Ulimwaga unga kwenye mchuzi unaochemka. Chembe za nje zilivimba hapo hapo, zikafunga zile za ndani zikiwa kavu. Hata ungekoroga mpaka mkono ukufe, yasingefunguka. Fanya hivi: gramu 400 za mafuta uliyoyaengua, na yakipungua ongeza ya kawaida, kwenye sufuria safi, moto wa wastani. Tia gramu 400 za unga wa ngano, koroga bila kuacha dakika 10 mpaka upate rangi ya karanga zilizokaangwa na harufu ya biskuti. Toa motoni dakika 2. Kisha supu yenye joto la vuguvugu, upawa wa kwanza, koroga mpaka liwe donge moja kubwa laini. Upawa wa pili, wa tatu, linafunguka. Kuanzia hapo mimina taratibu tu. Rudisha motoni, chemsha dakika 20, la sivyo mchuzi utanuka unga mbichi. Kama bado kuna donge limejificha, pitisha kwenye chujio na usimwambie mtu. Unga wa muhogo uache nyumbani. Unashikisha haraka lakini mchuzi unavutika kama gundi.

Majani yana wakati mbili, na hili ndilo linalotofautisha mchuzi wa hoteli na wetu wa kila siku. Majani magumu, timu (thaimu), rozimari, lorie (bei lifu) na shina za seleri na puaro (liki), yanatoa harufu yake polepole na hayaogopi moto. Yafunge pamoja na uzi, yaingie na nyama tangu mwanzo. Kwa kilo 10: fungu la timu la unene wa kidole gumba, majani 4 ya lorie, na rozimari vitawi viwili tu. Viwili, dada. Rozimari ya bustani zetu ina nguvu, na ukizidisha wageni watadhani umepika na dawa ya kikohozi. Timu kavu ya pakiti inatosha theluthi ya mbichi.

Majani laini, persili na majani ya seleri, yanakufa motoni. Ukiyatia jana yake, leo utakuwa na mchuzi wenye rangi ya sombe iliyolala, na harufu imeshakwenda kwa majirani. Mafungu wanayouza akina mama sokoni, seleri, puaro na persili zimefungwa pamoja, yanakufaa sana kwa sababu unayagawa: shina kwenye uzi leo, majani kwenye beseni la maji mpaka kesho. Dakika 10 kabla ya kupakua, kata persili mafungu matano na majani ya seleri konzi mbili, seleri yetu ni nyembamba lakini kali, pamoja na kitunguu saumu punje 4 zilizopondwa. Tia kwenye mchuzi unaochemka, koroga, zima. Utasikia harufu inabadilika hapo hapo, kutoka jikoni hadi shambani. Mwisho kabisa, juisi ya nusu ndimu. Haitasikika kama ndimu, lakini mchuzi utaamka.

Nyanya usiongeze zaidi ya kile kijiko. Ukiongeza utakuwa umepika mchuzi wa jumapili zote. Maggi? Nilikuwa nakataza, sasa nimezeeka: kibu mbili kwa lita 7 sitakugombeza, lakini weka kabla ya kuonja chumvi. Kuna siri yangu ambayo nakupa bure, kikombe nusu cha kahawa nyeusi ya Kivu, kali, isiyo na sukari. Inaongeza rangi, na hakuna aliyewahi kuitaja kwa jina.

Siku yenyewe, mimina mchuzi wa moto juu ya vipande mpaka uvifunike nusu, funika masinia, uyapashe juu ya sufuria la maji yanayochemka mpaka mchuzi uanze kuchemka pembeni na katikati. Usiokoe makala hapa; nyama iliyolala inatakiwa iwe moto kweli kweli, vuguvugu haikubaliki. Mtu mmoja tu apakue, mwenye macho makavu na asiye na marafiki wengi kati ya wageni. Sinia moja lenye vipande 12 lifiche tangu mapema, ubaki umelipasha juu ya maji hayo. Ni la wale watakaofika wakati viti vinakusanywa. Wapo kila mara, na mara nyingi ndio wakubwa wa ukoo.

Sasa papai la mama mkwe. Hajakosea. Papai bichi lina papaini inayokata protini, na watu wanaitumia tangu zamani. Lakini inafanya kazi yake kali nyama ikiwa kwenye joto la nyuzi 50 hadi 70, na kwenye pande kubwa haiingii ndani: utapata ngozi iliyosagika kama uji na moyo uleule mgumu. Inafaa kwa mishikaki, siyo kwa saa 4 za sufuria. Usimbishie lakini. Mwombe alete papai lililoiva, likatwe mwisho baada ya nyama, na yeye mwenyewe umkalishe karibu na sufuria la mifupa aengue povu. Anajua kazi hiyo kuliko wewe.